Filamu ya sauti: maana yake, na Sulochana aliyerudi kujifunza lugha

Filamu ya sauti ni filamu ambayo maneno, nyimbo na vishindo vyake vimerekodiwa na vinasikika sambamba na picha. Leo hatuna haja ya kutaja "ya sauti", maana hatujui nyingine. Zamani ilibidi. Kumbi zilijaa filamu bubu: mwigizaji anasema kwa macho na mikono, mazungumzo yanasomwa kwenye maandishi yanayokatiza picha, na wapiga muziki wamekaa mlemle ukumbini.

Kwa mwigizaji, mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko maana hiyo fupi inavyoonyesha. Mtazame Sulochana wa Bombay, mji unaoitwa Mumbai leo. Jina lake hasa ni Ruby Myers, binti wa Kiyahudi mwenye asili ya Baghdad, aliyekuwa akiunganisha simu kabla ya kuingia kwenye sinema miaka ya 1920. Kwenye filamu bubu alikuwa steringi wa kweli. Katika Wildcat of Bombay ya 1927 aliigiza watu wanane, akiwemo polisi, mtunza bustani na bibi kizee muuza ndizi. Nani angemuuliza Kihindustani chake, ile lugha ya Kihindi na Kiurdu, kikoje?

Tarehe 14 Machi 1931 ikaonyeshwa Alam Ara, filamu ya kwanza ya sauti nchini India, kwenye ukumbi wa Majestic, Bombay. Muongozaji alikuwa Ardeshir Irani wa kampuni ya Imperial, ambako Sulochana mwenyewe alikuwa akifanya kazi. Nafasi ya mbele akapewa Zubeida. Sulochana, pamoja na umaarufu wake wote, hakuwa na lugha hiyo ya Kihindustani.

Na sauti ya wakati ule haikusamehe. Ilinaswa papo hapo, kwenye ukanda uleule wa picha, kwa maikrofoni zilizofichwa karibu na waigizaji. Reli ilipita jirani na studio, kwa hiyo sehemu kubwa ya Alam Ara ilipigwa usiku wa manane, treni zikiwa zimetulia. Wapiga ala walijificha kamera isiwaone. Kuimba nako kulikuwa kwa mwigizaji mwenyewe. Sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tumezoea sura ya huyu na sauti ya yule, lakini utaratibu huo wa kuazima sauti ulianza mwaka 1935, na filamu ya Dhoop Chhaon.

Husemwa mara nyingi kwamba sauti iliwaua nyota wa filamu bubu. Kwa Sulochana si kweli, na inaniuma anaposahaulika hivyo. Alikaa pembeni, akajifunza Kihindustani, na mwaka 1932 akarudi na Madhuri, filamu aliyokwisha kuicheza bubu mwaka 1928. Akazirudia nyingine vivyo hivyo, safari hii kwa kinywa chake. Indira B.A. ya 1929 ikawa Indira M.A. mwaka 1934, kama kwamba mhusika naye amerudi chuo akaongeza shahada. Anarkali ya 1928 akaicheza tena mwaka 1935.

Nyota yake ilififia baadaye, wasichana wapya walipoingia. Mwaka 1953 Anarkali ilitengenezwa upya, naye akawemo kwa mara ya tatu, sasa akiwa mama wa mwanamfalme Salim, mpenzi wa Anarkali. Anarkali mwenyewe alikuwa Bina Rai, na nyimbo zake aliziimba Lata Mangeshkar.