Bia ya kupika nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Uchaggani pombe ya nyumbani si habari ngeni, mbege, pombe ya ndizi na ulezi, imepikwa mgombani vizazi na vizazi. Ila siku hizi Moshi na Arusha wapo wanaojifunza kupika bia ya shayiri na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, kwa kujifurahisha, na maneno wanayopokezana yanawaharibia kazi nzuri.

Baya kuliko yote ni hili: "Nimeshachemsha, vijidudu vimekufa." Vimekufa vya kwenye sufuria tu. Moto ukizimwa na maji ya kimea yakapoa, unabaki na kitu kitamu, cha uvuguvugu, kisicho na mlinzi, na chochote kitakachokigusa kuanzia hapo kinaingia na bakteria wake: ndoo, mpira wa kunyonyea, mwiko, mikono yako. Osha kwa sabuni kwanza, kisha ndipo utumie dawa ya kuua vijidudu, maana juu ya uchafu dawa haifanyi kazi. Ukitumia jiki, suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Klorini ikibaki, bia inanuka dawa za hospitali. Ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo ndani itumie kufulia, maana vijidudu hujificha humo. Nadhani uzoefu wa mbege unatupotosha hapa. Mbege inapenda uchachu, bakteria wa asidi ni sehemu ya ladha yake, na ndiyo maana hunywewa mapema kabla haijawa siki. Bia ya shayiri haina uvumilivu huo.

Wengine husema joto linaivisha bia upesi. Linaichachua upesi, kweli, lakini hamira nyingi za ale, aina ya bia inayochachuka bila kuhitaji ubaridi mkali, hutaka nyuzi 18 hadi 22. Zikipita sana hapo hutoa vileo vizito vyenye ladha kali ya kuunguza koo. Moshi mjini mwezi Februari mchana hufika nyuzi 30 na zaidi, na ndani ya ndoo huwa na joto kuliko chumbani kwa sababu hamira yenyewe inazalisha joto. Weka ndoo kwenye beseni la maji, izungushie kitambaa kilicholowa. Arusha mwezi Julai tatizo hugeuka: usiku baridi huilaza hamira, na hapo blanketi linasaidia.

"Mapovu yameisha, tia kwenye chupa." Hapana! Pima kwa haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki; vipimo viwili vilivyopishana siku mbili au tatu vikilingana, imemaliza. Ukiwahi, gesi inaendelea kujikusanya na chupa inapasuka, na vioo vinaweza kumtoa mtu jicho. Sukari unayoongeza wakati wa kutia kwenye chupa ili bia ipate gesi ni gramu 6 au 7 kwa lita, si kijiko cha kukisia. Tumia chupa nzito za bia, au za plastiki za soda, ambazo ukizibinya unajua gesi imefikia wapi.

Sukari nyingi huongeza kilevi lakini bia inakuwa nyepesi kama maji. Uzito wa bia unatoka kwenye kimea.

Na wanaoogopa upofu: bia ya nafaka iliyochachuka kawaida ina methanoli, kileo chenye sumu kinachopofusha, kidogo mno. Hatari hiyo iko kwenye gongo na pombe kali zilizochanganywa kemikali, kwa hiyo usijaribu kabisa kukeneka pombe nyumbani.