Kugawa tiketi ya treni Uingereza ni halali, kinachowaponza watu ni kingine kabisa

Kazi yangu ni nauli na ukaguzi wa tiketi kwenye kampuni moja ya treni huku Uingereza. Barua za watu waliopigwa penati (tozo ya kukutwa treni bila tiketi sahihi) zinapita mezani kwangu kila wiki, na zile za Waswahili wenzangu nikiziona nazisoma mara mbili. Tangu reilikadi nyingi (kadi za mwaka za punguzo la nauli ya treni) zipande kutoka pauni 30 hadi 35 mwezi wa 3 mwaka 2025 watu wamekuwa wakitafuta unafuu kwa nguvu zaidi, wanagawa tiketi, yaani safari moja wanaikata vipande na kila kipande kina tiketi yake, wananunua kadi za punguzo, na hilo ni jambo zuri kabisa, ni haki yao. Tatizo ni kwamba wengi wanapata unafuu asubuhi alafu jioni wanaulipa mara tatu kwa sababu ya kitu kidogo tu ambacho hakuna aliyewaambia.

Nianze na lile linalonichosha zaidi. Bado kuna watu wanaamini kugawa tiketi ni ujanja wa kuibia reli, na wengine wakiulizwa na mkaguzi wanaficha ile tiketi ya pili. Msifiche jamani! Kifungu cha 14 cha masharti ya safari ya National Rail, mtandao wa treni za abiria wa huku, kinakuruhusu waziwazi kutumia tiketi mbili au zaidi kwa safari moja, sharti kubwa likiwa kwamba treni uliyopanda iwe inasimama kwenye kituo kile ambapo tiketi moja inaishia na nyingine inaanzia. Inasimama tu, sio wewe ushuke. Nimesoma barua ya mama mmoja aliyekuwa anashuka na watoto na mabegi, anakimbia platifomu, anapanda tena mlango mwingine wa treni ileile, eti ndo sheria. Hapana mama yangu, kaa kwenye siti yako. Labda kama tiketi ya pili ina siti namba nyingine, hapo utahama siti, basi.

Chukua mfano wa London Paddington kwenda Bristol Temple Meads, ambao watu wa tiketi tunautaja siku zote. Ukinunua tiketi moja ya asubuhi ya siku ya kazi unalipa nauli ya msongamano (ile ya juu ya saa za watu wengi) kwa njia yote mpaka Bristol, wakati msongamano wenyewe uko upande wa London. Ukigawa pale Didcot Parkway, kituo kilicho katikati ya njia hiyo, unanunua Paddington mpaka Didcot ya saa za msongamano, alafu Didcot mpaka Bristol unaangalia kama inauzwa kwa nauli nafuu, na mara nyingi jumla inashuka. Inakuwa hivi kwa sababu nauli hazikupangwa kwa maili. Mfumo huu una mizizi kwenye ubinafsishaji uliotokana na sheria ya reli ya mwaka 1993, ambapo kila njia ilipata mwenyewe wa kuipangia bei, na bei zikawa zinapanda kila moja kivyake miaka yote hii. Kwa hiyo vipande viwili vikijumlishwa havilingani na kizima, na hilo ni kosa la mpangilio wetu, sio dhambi ya abiria.

Sasa angalia hapohapo Didcot. Kuna treni za kasi za Bristol ambazo hazisimami Didcot kabisa, zinapita tu. Mtu ana tiketi mbili halali, kalipa zote, kapanda treni isiyosimama kwenye kituo chake cha kugawia, na mkaguzi akiangalia anamwona kama mtu ambaye hana tiketi sahihi ya treni hiyo. Hii ndo sababu namba moja ya malalamiko ninayoyasoma kuhusu kugawa, na huwa inaniuma maana mtu hakuwa na nia mbaya. Ukinunua mtandaoni kwenye programu zinazogawa zenyewe zinakuchagulia treni inayosimama, lakini ukikosa hiyo ukapanda inayofuata bila kuangalia orodha ya vituo umejitoa mwenyewe kwenye ulinzi wa kifungu. Tiketi za msimu na za kanda zina utaratibu wao tofauti kidogo, mwenye nazo asome masharti yake au aulize dirishani.

Na dirishani ulizeni kweli. Ule mpango wa kufunga madirisha ya tiketi uliachwa mwezi wa 10 mwaka 2023, na vituo vingi bado vina mtu wa kumuuliza. Ukimwambia nataka Paddington mpaka Didcot na Didcot mpaka Bristol atakukatia, ila usitegemee akupendekezee mwenyewe, lazima wewe uende umeshajua unataka nini. Pia hamlipi ada ya kugawa dirishani, wakati baadhi ya programu zinachukua ada au sehemu ya kile ulichookoa.

Treni ikichelewa je? Hapa watu wanapoteza hela yao bure. Ukiwa na tiketi tatu za safari moja halali bado hiyo ni safari moja. Kama kipande cha kwanza kimechelewa ukakosa treni ya kipande cha pili, na ulikuwa umeacha muda wa kutosha wa kubadilisha treni, unaruhusiwa kupanda inayofuata ya kampuni hiyohiyo hata kama tiketi yako ni ile ya bei ya mapema iliyofungwa kwenye treni moja. Na fidia unaidai kwa safari nzima, dai moja kwa kampuni iliyokuchelewesha, ukiambatanisha tiketi zote, ndani ya siku 28. Mtu anatuma picha ya kipande kimoja tu, tunamlipa cha kipande kimoja, alafu analalamika tumemdhulumu. Tumeni zote.

Reilikadi. Nyingi zinakata theluthi moja ya nauli na punguzo linaingia kwenye kila kipande, ndo maana vitu hivi viwili vinaenda pamoja vizuri. Tuseme kizima ni pauni 90, vipande vinakuja 40 na 26, hapo tayari ni 66, na theluthi ikitoka unabaki na 44. Kadi hapo imekuokolea 22, kwa hiyo safari mbili tu za namna hiyo zimekwisharudisha bei ya kadi ya mwaka mzima. Nashangaa familia zinazosafiri na watoto kila likizo bila kadi ya Family & Friends, ambayo inakata theluthi kwa wakubwa na asilimia 60 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, mpaka wakubwa wanne na watoto wanne kwa kadi moja, ila mtoto mmoja angalau lazima awe safarini. Wanafunzi wa vyuo waliopita miaka 25 wengi wanadhani ile ya 16-25 imewapita, kumbe ukiwa unasoma muda wote unaipata hata ukiwa na miaka 40. Wazee kuanzia 60 wana yao. Wenye ulemavu yao ni pauni 20, haina mipaka ya saa, na mtu mmoja anayemsindikiza naye anakatiwa theluthi. Na wanaotafuta kazi kwa muda waulize Jobcentre Plus, ofisi ya serikali ya wanaotafuta kazi, kuhusu kadi ya kusafiria, inakata nusu, na hiyo naona karibu hakuna Mswahili anayeijua.

Sasa mtego. Kadi ya 16-25 na ya 26-30 zina kiwango cha chini cha nauli, yaani punguzo haliwezi kushusha bei chini ya hapo, kwa safari za asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa nne asubuhi (ile ya 16-25 inaachiwa mwezi wa 7 na wa 8). Mwaka 2024 kijana mmoja alitangazwa sana kwenye habari, alitumia kadi yake kwa safari fupi ya asubuhi kabla ya saa nne, kiwango wakati ule kilikuwa pauni 12, tofauti ya alicholipa na alichotakiwa kulipa ilikuwa pauni 1 na peni 90 tu, na akatishiwa mahakama. Kelele zilipigwa, kesi ikaondolewa, na serikali ikaagiza mdhibiti wa reli achunguze namna kampuni zinavyoshughulikia tiketi. Lakini kanuni yenyewe ipo. Na kwa anayegawa tiketi hii inauma zaidi, kwa sababu kiwango kinaangalia kila kipande chenyewe, hivyo ukigawa safari ya asubuhi vipande vidogovidogo unaweza kukuta hakuna hata kimoja kinachostahili punguzo, wakati tiketi nzima ingestahili. Piga hesabu zote mbili kabla ya kulipa.

Kadi ni ya mtu, sio ya nyumba. Nasema hili kwa upole ila nimeshachoka kulisema. Kadi ya mdogo wako sio yako. Kadi ya Two Together ina picha za watu wawili na wote wawili lazima wawe ndani ya treni safari yote, na siku za kazi ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi. Kadi iliyoisha jana ni sawa na huna kadi. Ukiwa nayo halali lakini umeisahau nyumbani ukatozwa, mara moja ndani ya miezi 12 unaweza kudai urudishiwe ukiionyesha baadaye, kwa hiyo tunza risiti. Simu ikizima chaji hiyo ni juu yako, na ndo maana nawaambia watu watembee na pawabenki. Kingine, ukigusa geti kwa kadi ya benki hupati punguzo la reilikadi, London, kwa reilikadi zinazoruhusiwa, unatakiwa uiunganishe na Oyster, kadi ya nauli ya usafiri wa London, kituoni na mfanyakazi wa pale.

Penati zenyewe zinavyoenda England: tangu tarehe 23 mwezi wa 1 mwaka 2023 ni pauni 100 kuongeza nauli kamili ya kwenda, na ukilipa ndani ya siku 21 zile 100 zinakuwa 50. Siku hizohizo 21 ndo za kukata rufaa, ngazi zipo tatu, na anayeamua sio kampuni bali chombo huru. Hiyo bado ni suala la madai, sio jinai, na kulipa penati hakukupi rekodi. Mahakama ni njia nyingine. Kuna kanuni ndogo ya reli namba 18 ambayo haiangalii nia yako, kukosa tiketi halali kunatosha, faini mpaka pauni 1,000, na kuna kifungu cha 5 cha sheria ya reli ya mwaka 1889 cha kukwepa nauli kwa makusudi, ambacho kikithibitika kinabaki kwenye rekodi ya jinai na kinaweza kugusa kazi yako na maombi yako ya viza. Hilo la viza watu wetu walipe uzito. Na sisi wa upande huu tuna letu la kujibu pia, maana mwezi wa 8 mwaka 2024 hakimu mkuu Paul Goldspring alifuta kesi zinazokadiriwa 74,000 zilizopelekwa na kampuni za treni kwa utaratibu wa hakimu mmoja anayeamua faragha, ambao sheria haikuwaruhusu kuutumia kwa kosa hilo la sheria ya 1889. Kwa hiyo barua ikija usiitupe kwenye droo na usilipe kwa woga bila kuisoma, angalia inataja kifungu gani.

Ukiandika rufaa ya safari ya vipande weka tiketi zote, reilikadi, na orodha ya vituo ambavyo treni yako ilisimama siku ile, ukionyesha kwa jina kile kituo cha kugawia na saa iliyosimama. Barua ya namna hiyo, hata ikiwa na Kiingereza cha kuokoteza, inasomeka kwa dakika mbili, na anayeisoma anaona mara moja kama ulikuwa ndani ya kifungu cha 14 au nje yake.