Kampuni mama iko London, madhara yako Kericho: kinachofungua mlango wa mahakama ni nini?

Swali ninaloletewa mara nyingi na watu wa nyumbani halihusu viza wala talaka. Linahusu kampuni. Maji ya mto yameharibika, wafanyakazi wa shamba wameumia migongo, na jina lililoandikwa getini ni la kampuni ambayo mwenye nayo amesajiliwa Uingereza. Je, tunaweza kumfuata huko huko kwao?

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini wengi wanaoniuliza wanaamini kwamba kinachoamua ni ukubwa wa madhara: picha zikiwa za kutisha vya kutosha, jaji wa London atasikiliza. Siyo hivyo. Mashauri haya husimama au huanguka kwa karatasi, na hasa karatasi zinazoonyesha ni nani, katika ofisi ipi, aliyekuwa akiamua mambo.

Tuanzie Zambia, maana sheria ya sasa imejengwa juu ya kesi hiyo. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji 1,826 wa eneo la Chingola kuendelea na madai yao dhidi ya kampuni ya madini ya Vedanta na kampuni yake tanzu (yaani kampuni inayomilikiwa na nyingine), Konkola Copper Mines. Walidai kwamba sumu kutoka mgodi wa shaba wa Nchanga iliingia katika maji wanayokunywa na kumwagilia mashamba. Jaji Lord Briggs, aliyeandika uamuzi, alisema kumiliki hisa peke yake hakumfanyi mmiliki awajibike kwa makosa ya kampuni tanzu. Kinachotazamwa ni kiasi gani kampuni mama ilijiingiza katika uendeshaji: kuchukua usukani, kuingilia, kusimamia au kushauri namna kazi inavyofanyika.

Na ushahidi wa kujiingiza huko ulipatikana wapi? Kwa sehemu kubwa, katika ripoti ambazo Vedanta yenyewe ilizichapisha ili wawekezaji wazisome. Humo ilikuwa imeeleza kwamba bodi yake ndiyo inayosimamia kampuni tanzu zote katika masuala ya mazingira. Ilichoandika ili isifiwe kikasomwa mahakamani kama msingi wa madai. Tangu siku hiyo, mtu akija kwangu na habari za mgodi, kitu cha kwanza ninachofungua ni ripoti ya mwaka ya kampuni mama. Picha za mto natazama baadaye.

Sasa linganisha na Kericho. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Unilever walioshambuliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walifungua madai London, wakisema kampuni ilipaswa kuona hatari na kuwalinda. Julai 2018 Mahakama ya Rufani iliwakatalia. Hakuna aliyesema hawakuumizwa. Majaji walisema nyaraka zilizokuwepo zilionyesha kwamba kampuni ya Kenya ilijitungia mipango yake ya kukabili dharura, na kwamba London haikuwa ikiishauri kwa kiwango cha kuibebesha wajibu. Walalamikaji wakajibu kuwa nyaraka zenye ukweli ziko mikononi mwa kampuni, na hawawezi kuzipata mpaka shauri likubaliwe. Mimi naona walikuwa na hoja nzito. Unatakiwa uonyeshe kilichomo ndani ya kabati kabla hujapewa ufunguo wa kabati.

Malalamiko kama hayo yalipata sikio miaka mitatu baadaye. Tarehe 12 Februari 2021, katika shauri la jamii za Ogale na Bille za Niger Delta, Nigeria, dhidi ya kampuni ya mafuta ya Shell, Mahakama ya Juu iliwakemea majaji wa chini kwa kuendesha kesi ndogo mlangoni kabla ya kesi yenyewe. Katika hatua hiyo, ikasema, madai ya mlalamikaji yachukuliwe kama yalivyoandikwa isipokuwa ni ya uongo wa wazi, na jaji akumbuke kwamba nyaraka za ndani bado hazijatolewa. Juni 2025 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi wa awali uliowapa jamii hizo hoja muhimu kuhusu mafuta yaliyomwagika zamani na bado hayajaondolewa, na kesi yenyewe imepangwa kusikilizwa 2027. Kumbuka kwamba maamuzi ya 2019 na 2021 yalihusu mlango tu. Kuruhusiwa kuingia si kushinda, na magazeti yetu huchanganya mambo haya mawili kila mara.

Mlango wenyewe ulibadilishwa na Brexit, yaani Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Kabla yake kulikuwa na kanuni ya Ulaya, iliyothibitishwa na mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg mwaka 2005, kwamba mahakama ya Uingereza haiwezi kukataa kesi dhidi ya kampuni iliyosajiliwa huko kwa sababu tu kuna nchi nyingine inayofaa zaidi. Kanuni hiyo ilikoma mwisho wa 2020. Sasa kampuni inaweza tena kusimama na kusema: mashahidi wako Afrika, sheria itakayotumika ni ya Afrika, tupelekeni huko. Hoja hiyo ina nguvu. Mlalamikaji anayeshindwa kuijibu hubakiwa na njia moja: kuonyesha kwamba huko atakakopelekwa hatapata haki kwa vitendo. Hata katika shauri la Vedanta, mahakama ilikiri kwamba mahali panapofaa palikuwa Zambia. Tatizo halikuwa majaji wa Zambia. Tatizo lilikuwa kwamba wanavijiji maskini hawakuwa na msaada wa kisheria, makubaliano ya kumlipa wakili pale tu mnaposhinda yalikuwa yamekatazwa, na mawakili wenye uwezo wa kubeba shauri la ukubwa ule hawakupatikana.

Baada ya Brexit wengi katika taaluma yangu walidhani mambo yamekwisha. Nami nilikuwa na wasiwasi. Kilichotutuliza kidogo ni kesi ya Dyson. Wafanyakazi wahamiaji kutoka Nepal na Bangladesh, waliokuwa katika kiwanda cha Malaysia kilichotengeneza vifaa vya kampuni ya vifaa vya umeme ya Dyson, walidai kwamba walifanyishwa kazi kwa nguvu na kuishi katika mazingira mabaya. Dyson ilikanusha kuwajibika. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilisema kesi iende Malaysia. Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ikapindua uamuzi huo, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kutoa kibali cha rufani. Uzito uliwekwa kwenye jambo lile lile ninalolirudia: wadaiwa wakuu walikuwa Uingereza, na watu waliotunga na kusimamia sera za viwanda vya wengine walikaa Uingereza. Madhara yalitokea Malaysia, ila maamuzi yanayolalamikiwa yalifanyika Uingereza. Kwa mtu wa Geita au Kwale anayefikiria kufungua madai, hii ndiyo hukumu ya kusomwa kwanza, ingawa haina Mwafrika hata mmoja ndani yake.

Halafu ikaja kesi ya kampuni ya madini ya BHP. Bwawa la taka za mgodi la Fundão, karibu na Mariana nchini Brazil, lilipasuka tarehe 5 Novemba 2015 na kuua watu 19. Mgodi uliendeshwa na Samarco, ambayo BHP na kampuni nyingine ya madini, Vale, waliimiliki nusu kwa nusu. Mwaka 2020 jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Uingereza aliyafuta madai ya waathirika wa bwawa hilo akiyaita matumizi mabaya ya mahakama, maana watu walikuwa wengi mno na Brazil ilikuwa na mifumo yake ya fidia. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ikayarudisha. Tarehe 14 Novemba 2025 Jaji O'Farrell akatamka kwamba BHP inawajibika, kwa sheria ya Brazil yenyewe. Kampuni ilisema itapinga, na hesabu ya fidia ni hatua nyingine kabisa. Lakini hapa tumevuka mlango: ushahidi umesikilizwa kwa miezi na hukumu juu ya uwajibikaji imetoka.

Niseme kidogo kuhusu fedha, kwa sababu ndizo zinazowakatisha watu tamaa baadaye. Kiasi cha fidia, kwa kawaida, hupimwa kwa sheria ya nchi yalikotokea madhara. Gharama za kesi hupimwa kwa bei za London. Na tangu Aprili 2013, ile ziada ambayo wakili hulipwa kwa kushinda hutoka katika fidia ya mteja, badala ya kubebwa na kampuni iliyoshindwa. Ndiyo maana mawakili wa Uingereza hukimbilia mashauri ya maelfu ya watu. Familia moja iliyoumizwa, hata ikiwa na haki kabisa, haiwezi kubeba gharama hizo peke yake. Ndiyo maana pia mengi huishia katika makubaliano ya faragha, kama yalivyoishia 2015 madai ya watu wa karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, dhidi ya kampuni iliyokuwa ikiitwa African Barrick Gold.

Muda nao hausubiri. Mara nyingi ukomo unaotumika ni wa nchi ya madhara, na kwa Kenya na Tanzania madai ya uzembe yana miaka mitatu tu. Mfano mchungu ni wa wazee wa Mau Mau. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliruhusu madai ya mateso ya miaka ya 1950 yaendelee. Kilichomshawishi kwa kiasi kikubwa ni wingi wa nyaraka: mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikuwa imekiri kuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Kwa karatasi zile, akasema, kesi ya haki bado inawezekana. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za mawakili zikiwemo, bila kukubali kwamba inawajibika kisheria. Kundi lililofuata, la watu zaidi ya 40,000, lilishindwa mwaka 2018. Mashahidi walikuwa wamekufa, na jaji aliona muda umepita mno kwa kesi ya haki. Historia ni ile ile, vita ni vile vile, na matokeo yakapishana hivyo.

Shauri ninalolifuatilia kwa karibu zaidi sasa halipo London bali Edinburgh. Zaidi ya wafanyakazi elfu moja wa chai wa Kericho walifungua kesi ya kundi dhidi ya James Finlay (Kenya), wakidai kwamba kazi ya kuchuma na kubeba iliwaharibu migongo. Jina la kampuni ni la Kenya na mashamba yalikuwa Kenya, lakini usajili wake uko Scotland, na huo ndio uliowapeleka huko. Mwishoni mwa 2023 mahakama ya rufani ya Scotland ilisimamisha shauri bila kulifuta: waende kwanza kwenye utaratibu wa fidia za kazini wa Kenya, chini ya ile sheria ya 2007 inayojulikana kama WIBA, ambayo Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha Desemba 2019. Utaratibu huo ukishindwa kuwapa haki, mlango wa Edinburgh haukufungwa. Kwa hiyo mahakama ya Scotland ilibaki ikisubiri kuona ofisi ya Mkurugenzi wa usalama na afya kazini jijini Nairobi inavyoshughulikia mafaili ya migongo iliyoumia Kericho, na barua zinazotoka katika ofisi hiyo, au zinazochelewa kutoka, ndizo ambazo zingekuwa ushahidi wa awamu iliyofuata.