SACD haikushinda kwa sauti
Wapenzi wa muziki wamezoea kusema kwamba SACD, diski ya muziki yenye sauti ya kiwango cha juu kuliko CD iliyotolewa na Sony na Philips mwaka 1999, ilidumu kuliko mshindani wake, diski ya DVD-Audio, kwa sababu sauti yake ilikuwa bora. Sivyo. Katika jaribio la watafiti Meyer na Moran lililochapishwa mwaka 2007, wasikilizaji waliotakiwa kutofautisha sauti ya diski za aina zote mbili na sauti hiyohiyo iliyopunguzwa hadi kiwango cha CD walipatia mara 276 kati ya 554, sawa na kubahatisha. Kilichoisaidia SACD ni jambo la kawaida kabisa: diski zake nyingi zilikuwa na tabaka la pili lililosomeka katika mashine yoyote ya CD, hata ya kwenye gari.