Kumbukumbu, konokono wa baharini na panya: maswali kutoka Tanga

Hapa Tanga neno utafiti huwakumbusha wengi malaria na mbu wa Amani, Muheza. Safari hii maswali mengi yamehusu ubongo, na nimefurahi, kwa sababu kusahau kunaumiza nyumba nyingi kimyakimya.

Swali: Nimesikia mwanasayansi alipata Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza konokono. Konokono ana uhusiano gani na kumbukumbu yangu?

Huyo ni Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani. Alipata tuzo mwaka 2000 pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard. Mnyama wake ni Aplysia, konokono mkubwa wa baharini anayekula mwani. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Aplysia ana kama 20,000 tu, na baadhi yake zinaonekana kwa macho matupu. Mtafiti anaweza kuifuata seli moja moja na kujua imeungana na zipi.

Ukigusa mrija wa konokono huyu, hurudisha ndani matamvua anayopumulia. Akipigwa mshtuko wa umeme mkiani, hujifunza kuogopa, na baadaye hata mguso mdogo humfanya ajikunyate kwa nguvu. Mshtuko mmoja huukumbuka dakika chache. Ukirudiwa kwa vipindi, huukumbuka siku nyingi, hata wiki. Kandel na wenzake waliona sababu: kumbukumbu fupi huimarisha maungio ya seli yaliyokwishakuwapo, lakini ya muda mrefu huhitaji seli itengeneze protini mpya na kuotesha maungio mapya. Yaani kukumbuka ni kazi ya mwili, na huchukua muda.

Swali: Mwanangu anahifadhi Kurani madrasa, na mtihani wa kidato cha nne umekaribia. Anakesha usiku kucha. Ni sawa?

Hapana, mama, mwache alale. Ubongo huendelea na somo hata usingizini: panya aliyetembezwa njia fulani mchana, seli za hipokampasi yake, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zilizotuma ishara pamoja njiani hufanya hivyo tena akiwa amelala. Hilo lilionekana mwaka 1994. Somo moja alirudie kesho, kesho kutwa, kisha wiki ijayo, na ajipime bila kutazama kitabu. Mwalimu wa madrasa anayemsikiliza mtoto sura ya jana kabla ya kumpa mpya anafanya sawasawa.

Swali: Hipokampasi ni nini?

Ni sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ili kutibu kifafa, akaondolewa kipande kikubwa cha sehemu hiyo pande zote mbili. Tangu hapo aliweza kumsahau mtu aliyetoka kuzungumza naye muda mfupi uliopita. Mwaka 1971 John O'Keefe aligundua kwamba hipokampasi ya panya ina seli zinazotuma ishara panya anapofika mahali fulani tu. Ndiyo maana mgonjwa wa kumbukumbu anaweza kupotea mtaani kwake.

Swali: Wanyama hao si wanaonewa?

Wengine huumia, na wengi huuawa ili ubongo wao uchunguzwe. Sitalificha hilo. Tangu 1959, wanasayansi Russell na Burch wa Uingereza walisisitiza mambo matatu: tumia njia nyingine inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza maumivu yao. Naona jaribio lisilotimiza hayo halifai kufanywa. Pia panya si mtu: dawa nyingi za Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, zilizofaa kwa panya zilishindwa kwa wagonjwa. Kuna njia ya upole zaidi, kama ya panya buku wa shirika la APOPO kule Morogoro, wanaofundishwa kwa chakula kunusa kifua kikuu katika makohozi.

Swali: Bibi yetu anauliza jambo lilelile kila baada ya muda mfupi. Majirani wanasema amerogwa.

Hajarogwa, na msimfiche ndani. Kusahau jina kisha kulikumbuka baadaye ni kawaida ya uzee. Kurudia swali lilelile, kupotea njia aliyoizoea au kushindwa kupika chakula alichokipika miaka yote ni dalili za kuchunguzwa. Baadhi ya sababu hutibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, au dawa anazotumia. Shinikizo la damu na kisukari visivyodhibitiwa huharibu mishipa ya ubongo.

Akichanganyikiwa ghafla, au mdomo ukipinda, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Huenda ni kiharusi, au malaria iliyopanda kichwani. Kama hali imekuja polepole, anzeni zahanati au kituo cha afya, waombeni rufaa ya Hospitali ya Bombo ikihitajika. Bebeni dawa zake zote, hata za miti shamba, na aende na mtu anayeishi naye, anayeweza kueleza kusahau kulianza lini.