Taimushea Mombasa wakati wa masika: yanayosemwa na yalivyo

Kila ikifika Aprili maneno ni yale yale, ati Mombasa imelala usije, utakuta mvua na matope tu. Mimi nimekaa risepsheni ya risoti moja ya taimushea, yaani unanunua haki ya kukaa nyumba ya likizo wiki yako kila mwaka, huku upande wa Shanzu miaka kadhaa, nimepokea watu Disemba na nimepokea watu Mei, na wallahi kuna mambo lazima tuyaweke sawa maana watu wanakosa likizo nzuri na wengine wanapoteza pesa.

La kwanza, kwamba masika mvua yanyesha kutwa. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, hilo kweli, na ziko siku inanyesha kuanzia asubuhi mpaka unachoka kuangalia dirishani. Lakini mara nyingi inapiga usiku au alfajiri, ukimaliza mahamri na mbaazi zako jua lishatoka. Ikifika Julai na Agosti hata joto linapungua, usiku unalala bila feni, na wageni wangu wengi wa bara wanapenda hali hiyo kuliko ule mvuke wa Februari.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba bahari inachafuka huwezi kuoga. Jamani ule si uchafu! Kuanzia Aprili hivi upepo wa kusi, ule wa kutoka kusini, unaingia, mawimbi nje ya mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuko yanakuwa makubwa na mwani unang'oka unaletwa ufukweni, basi mtu akiona marundo ya mwani anadhani ni taka. Ni majani ya bahari tu, na yanasaidia kushikilia mchanga usiliwe na maji. Asubuhi vijana wa hoteli wanapita na reki. Mwamba nao unakata nguvu ya mawimbi, kwa hivyo huku ndani kunatulia kuliko nje. Kitu cha kuangalia ni maji kujaa na kupwa, maana wakati wa bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, unaweza kutoka chumbani saa nne ukakuta bahari imekwenda mbali kabisa, ukasema umeibiwa. Uliza saa za maji pale risepsheni, panga kuoga maji yakijaa, na yakipwa tembea na viatu miguuni kwa sababu ya viumbe wa baharini wenye miiba. Na usivuke mwamba wakati wa kusi, hata wavuvi wazoefu wengi wanabaki ndani.

Halafu kuna hii ya kwamba wiki ya masika ni rahisi kwa hivyo inunue. Hapa naomba usome polepole. Bei ya kununua kweli inakuwa chini, lakini taimushea ina ada ya matengenezo kila mwaka, uje usije, na kwenye risoti nyingi ada hiyo inahesabiwa kwa ukubwa wa nyumba, haiangalii msimu. Yaani mwenye wiki ya Krismasi na mwenye wiki ya Mei wanaweza kulipa sawasawa. Na ukitaka kubadilishana wiki yako na ya risoti nyingine kupitia kampuni kama RCI, wiki inayotakwa na wachache inabeba uzito mdogo, utaambiwa hiyo haifikii Disemba ya mahali pengine. Nimemuona mama mmoja wa makamo, amelipa ada miaka minne hajaja hata mara moja, ananiuliza mwanangu hii naitoaje, na sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu kumpata mnunuzi wa wiki ya Mei ni kazi kweli kweli. Mimi ningekodi. Wenye wiki kama hizo wengi hukodisha kwa bei karibu na ada yenyewe, unapata nyumba yenye jiko na vyumba viwili, mnapika wenyewe samaki wa sokoni.

Na wauzaji wa taimushea wakikukalisha kwenye meza ya mauzo wakikwambia lazima utie sahihi leo leo, sivyo. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji ya 2012 inaitaja taimushea wazi wazi na inakupa siku za kuvunja mkataba bila kutoa sababu, zikihesabiwa tangu upewe nakala yako. Kwa hivyo dai nakala ya maandishi, usiondoke bila hiyo.

Kuhusu hoteli kufungwa, baadhi hufunga Mei kufanya ukarabati ndio, lakini risoti za taimushea mara nyingi zinabaki wazi kwa sababu kila wiki ina mwenyewe. Ila piga simu kwanza uulize bwawa linafanya kazi na mkahawa upi uko wazi, tusije tukakupokea na kelele za nyundo.

Na Julai mpaka Septemba nyangumi wanapita pwani hii, watu wanawaona sana Watamu na Diani. Disemba hutawaona.