Upasuaji kwa mwenye upungufu wa nadra wa fakta za damu

Damu isiyoganda ikitajwa, wengi hufikiria hemofilia, yaani upungufu wa fakta ya 8 au ya 9, ambao huwapata zaidi wavulana. Lakini fakta, protini zinazogandisha damu, ni nyingi, na mtu anaweza kuzaliwa na upungufu wa nyinginezo pia: fibrinojeni (ndiyo fakta ya 1), fakta ya 2, 5, 7, 10, 11 au 13. Hizi ndizo aina za nadra. Mara nyingi mtoto hurithi kasoro kwa baba na mama wote wawili, ndiyo maana huwapata wa kike na wa kiume sawasawa, na huonekana zaidi katika koo ambazo binamu huoana.

Kumwandaa mgonjwa wa aina hii maana yake ni kumpa kile anachokosa kabla ya kisu, kisha kukidumisha mwilini hadi kidonda kipone. Hilo la pili ndilo linalosahaulika.

Chukua fakta ya 13, ambayo upungufu wake uliripotiwa kitabibu kwa mara ya kwanza mwaka 1960 huko Uswisi. Kazi yake huja mwisho kabisa, damu ikishaganda, nayo ni kukaza nyuzi za lile bonge la damu. Bila yake bonge ni kama matofali yaliyopangwa bila saruji. Vipimo viwili vya kawaida vya kuganda kwa damu, PT na APTT, hutoka safi. Upasuaji unaweza kwenda vizuri, daktari akashona, mgonjwa akarudi wodini, kisha kesho yake au keshokutwa bandeji ikaanza kulowa.

Kwa hiyo mimi nayaamini maswali kabla ya karatasi ya maabara. Kitovu kilitoka damu kwa siku kadhaa alipozaliwa? Alipotahiriwa je? Aliwahi kung'olewa jino, ikawaje? Hedhi zake ni nzito mno? Kuna ndugu aliyevuja damu baada ya kujifungua? Jibu la mama kuhusu kitovu linaweza kufichua kile ambacho PT haitakionyesha kamwe.

Fakta ikishajulikana, swali ni inakaa muda gani mwilini. Nusu ya fakta ya 7 hutoweka ndani ya saa 4 hadi 6, kwa hiyo dozi hurudiwa tena na tena. Ya 13 huchukua siku 9 hadi 14 kupungua kwa nusu, na dozi moja inaweza kutosha kwa upasuaji mzima. Fakta ya 11 ina vituko vyake: kiwango chake hakitabiri vizuri nani atavuja damu, na hatari iko zaidi mdomoni, puani na kwenye njia ya mkojo, ambako bonge huyeyushwa haraka. Kwa kung'oa jino, dawa ya asidi ya traneksamiki, inayozuia bonge lisiyeyuke, pekee huweza kutosha.

Pasipo na fakta iliyosafishwa, hutumika plazima (maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake) iliyogandishwa kwa baridi, kwa kawaida mililita 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 atahitaji takriban lita moja, mzigo mkubwa kwa mwenye moyo dhaifu. Kriopresipiteti, yaani sehemu ya plazima iliyokolezwa, ni kidogo kwa ujazo na ina fibrinojeni na fakta ya 13, ila haimsaidii anayekosa ya 7 au ya 10. Ndiyo sababu kuagiza tu "damu iwe tayari" si mpango.

Mengine ni ya kawaida: hakuna aspirini wala diklofenaki, sindano za msuli ziepukwe, na ganzi ya mgongoni isichomwe kabla kiwango cha fakta hakijapandishwa na kupimwa. Upasuaji usio wa dharura upangwe asubuhi, mwanzoni mwa wiki, maabara na benki ya damu zikiwa na watu wa kutosha. Na mwenye upungufu wa fakta ya 13 asiruhusiwe kwenda nyumbani kesho yake kwa sababu tu kidonda ni kikavu.